Gari la zamani linavuja oili: anza na kuosha injini, vipuri vitafuata

Maswali ninayoulizwa kuhusu oili kuvuja yanafanana kama mapacha. "Nimekuta doa jeusi chini ya gari, nibadilishe sili gani?" "Injini imelowa oili kotekote, ni gasketi ya wapi?" Jibu langu ni lilelile, na najua linawaudhi wengine: usibadilishe chochote kwanza. Injini iliyolowa haikwambii kitu. Oili hutoka mahali pamoja, ikateremka, ikapeperushwa na upepo gari likiwa mwendoni, mwisho ikadondokea mahali pengine kabisa. Ukibadilisha kipuri kwa sababu tu kipo juu ya doa, unabahatisha.

Mimi niliwahi kuambiwa na fundi kwamba sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) imekufa na gia boksi lazima ishushwe. Oili ilikuwa inadondoka palepale injini inapoungana na gia boksi, kwa hiyo maelezo yake yaliniingia akilini. Kabla ya kukubali nikaosha injini, nikaendesha kidogo, kisha nikamulika tochi kwa nyuma. Kulikuwa na mstari mmoja wa oili, mwembamba kuliko kalamu, unaoanzia kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa cha injini chenye mdomo wa kujazia oili, unashuka ubavuni mwa injini na kupotelea pale kwenye maungio. Ilikuwa gasketi ya mpira tu, kazi ya asubuhi moja. Gia boksi haikuguswa.

Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kutafuta oili inatokea wapi hasa. Ya pili ni kubadilisha gasketi ya tapeti kava. Nimeichagua kwa sababu ni chanzo cha kawaida sana kwenye magari yaliyokula miaka, na ni kazi ambayo mtu asiye fundi anaweza kuifanya nyumbani akiwa na subira.

Kwanza hakikisha ni oili ya injini

Laza kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, uweke alama upande ulioelekea mbele. Asubuhi gusa tone kwa kidole. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi, inateleza. Ikiwa nyekundu, mara nyingi ni ya gia otomatiki au ya usukani. Ikiwa nyepesi kama maji, ina rangi ya kijani, ya waridi au ya buluu, ni maji ya rejeta yenye kulenti. Kimiminika chepesi kinachopatikana karibu na tairi kinaweza kuwa cha breki, na hapo usiendeshe gari hata kidogo mpaka litazamwe.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji mwongozo. Taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi injini ikiwa inanguruma, zima injini papo hapo. Na kama oili inadondokea kwenye ekzosi, unaona moshi na kusikia harufu ya kuungua, liegeshe gari mpaka ulitengeneze. Oili juu ya chuma cha moto inaweza kushika moto.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Raicheti na soketi zake (milimita 8, 10 na 12 ndizo hutumika zaidi), pamoja na ekstensheni
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), ile ndogo inayosoma vizuri chini ya nyutonimita 10. Ukiweza kuazima, azima
- Bisibisi, koleo, na kikwarua cha plastiki au cha mbao
- Gasketi mpya ya tapeti kava inayolingana na namba ya injini yako, pamoja na sili za matundu ya plagi kama injini yako inazo
- Silikoni ya gasketi, ile inayostahimili oili na joto, tyubu ndogo
- Dawa ya kuondoa grisi, dawa ya kusafishia breki, brashi, na matambara safi yasiyotoa nyuzi
- Tochi na kioo kidogo cha mkononi
- Glavu. Oili chafu si ya kukaa kwenye ngozi
- Jeki na stendi zake mbili, kama utalazimika kuingia chini

Hilo la mwisho halina mjadala. Jeki ni ya kuinulia gari, stendi ndizo za kulishikilia. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na usitumie matofali. Tofali hupasuka ghafla bila kukuonya.

Kuhusu gasketi: nunua seti kamili ikiwezekana. Ya mpira ukiifungua kutoka kwenye paketi inatakiwa iwe laini na ikunjike bila kuacha alama. Ikiwa ngumu au imejikunja ovyo, irudishe.

Kazi ya kwanza: kutafuta oili inatokea wapi

1. Acha injini ipoe kabisa. Funika altaneta, distributa (kigawanya umeme wa plagi) kama ipo, na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki.

2. Nyunyizia dawa ya grisi, sugua kwa brashi kuanzia juu kwenda chini, kisha suuza kwa maji ya taratibu. Usitumie mashine ya kuoshea yenye presha kubwa: inasukuma maji mpaka ndani ya soketi za umeme, na kesho yake gari linamisi, yaani injini inakatakata badala ya kuwaka sawasawa.

3. Toa mifuko yote. Pangusa, acha injini ikauke vizuri. Pima oili kwa dipstiki gari likiwa sehemu tambarare, uongeze kama imepungua. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1. Ukijaza kupita alama ya juu, unajiletea uvujaji mwingine.

4. Washa, endesha dakika 15 hadi 20 ili oili ishike joto na kuwa nyepesi, kisha uegeshe na kuzima.

5. Sasa tazama, kuanzia juu. Kanuni ni hii: chanzo ni ile sehemu yenye unyevu iliyo juu zaidi na mbele zaidi kuliko zote. Oili haipandi, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Tumia kioo kuona nyuma ya injini, mahali ambapo macho hayafiki. Pitisha kidole chenye glavu nyeupe au tambara jeupe kwenye maungio; litakuonyesha unyevu ambao tochi haikuuona.

6. Usipoona kitu, rudia baada ya siku mbili tatu. Kwa uvujaji wa polepole, paka poda ya mwili juu ya sehemu unayoishuku ikiwa kavu, mbali na mikanda na mdomo wa hewa. Oili ikigusa poda inaacha mchirizi mweusi ambao huwezi kukosea.

Hatua hii watu wengi huiruka kwa sababu haionekani kama kazi. Nakusihi usiiruke.

Ukishaona, amua

Oili ikianzia kwenye kingo za tapeti kava, au ukichomoa waya au koili ya plagi ukaikuta imelowa oili, endelea na kazi ya pili hapa chini.

Ikianzia kwenye filta ya oili, kagua kitu kimoja kabla ya chochote: je, mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake? Mipira miwili haishiki, na inaweza kumwaga oili yote kwa dakika chache. Toa wa zamani, paka oili safi kwenye mpira mpya, kaza kwa mkono.

Kwenye nati ya kumwagia oili chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), mara nyingi ni washa tu. Weka mpya. Kama nati inazunguka bila kushika, uzi umeliwa, na kukaza zaidi ni kumalizia kilichobaki.

Swichi ya presha ya oili, kidude chenye waya kilichofungwa kwenye ubavu wa injini, mara nyingi jirani na filta, huvuja kupitia katikati yake kinapozeeka. Hubadilishwa kwa kufungua na kufunga. Usiizungushie utepe mwingi wa bomba: nyingi kati ya zile zenye waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia uzi wake, na utepe ukijaa taa ya dashibodi inaacha kufanya kazi.

Sili ya mbele ya krenki, sili za kamshafti (mhimili unaofungua valvu) zilizo nyuma ya mkanda wa taimingi, na sili ya nyuma ya krenki, hizo mpelekee fundi. Taimingi ikikosewa, kwenye injini nyingi valvu hugonga pistoni. Kitu pekee ninachokuomba ni uende ukiwa umeshahakikisha, injini ikiwa safi, na picha ya mchirizi kwenye simu yako.

Kazi ya pili: kubadilisha gasketi ya tapeti kava

1. Injini iwe baridi. Chomoa terminali hasi ya betri.

2. Piga picha kila upande kabla hujachomoa kitu chochote. Zitakufaa zaidi ya kumbukumbu yako.

3. Toa kifuniko cha plastiki cha juu kama kipo, kisha koili au waya za plagi. Waya ushike kwenye kichwa chake cha mpira, usivute waya wenyewe. Ziandike namba kwa utepe: 1, 2, 3, 4. Plastiki za soketi za umeme kwenye gari la zamani zimekaushwa na joto la miaka na huvunjika kama ganda la yai. Bonyeza kufuli mpaka mwisho ndipo uvute, polepole.

4. Chomoa mipira ya hewa inayoingia kwenye kava. Hapa simama kidogo. Mmoja wao unakwenda kwenye valvu ya PCV, ambayo mafundi wengi huijumlisha kwenye jina la brida. Gesi zinazopenya kando ya pistoni hutokea hapo. Njia hii ikiziba, presha inapanda ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia gasketi yoyote iliyo dhaifu. Ukifunga gasketi mpya huku njia imeziba, nayo itavuja. Itoe valvu, itikise: ile ya kawaida inatakiwa isikike ikigonga ndani. Ikiwa kimya na imejaa masizi, badilisha. Mpira wake uwe wazi na usiwe na mipasuko.

5. Kabla ya kufungua boliti hata moja, safisha kwa brashi na tambara kuzunguka kingo zote za kava. Mchanga uliokaa pale ukiiinua kava unaangukia kwenye kamshafti. Kama matundu ya plagi yana oili, inyonye sasa kwa tambara lililoviringishwa au sindano kubwa isiyo na ncha.

6. Legeza boliti kidogo kidogo, ukianzia zile za pembeni kuelekea katikati. Usiitoe moja yote huku nyingine zimekaza, kava inaweza kupinda. Zipange kwenye kadibodi uliyotoboa kufuata umbo la kava, kila moja na washa yake, maana wakati mwingine hazilingani urefu.

7. Inua kava. Ikiwa imeganda, igonge ubavuni kwa nyundo ya mpira, au kwa kipande cha mbao. Usichomeke bisibisi kati ya kava na injini. Mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu utakuwa mfereji wa oili ambao hakuna gasketi itakayouziba vizuri. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote.

8. Funika injini iliyo wazi kwa tambara safi. Ondoa gasketi ya zamani. Yenye miaka mingi haitoki kama mpira, inakatika vipande vigumu kama plastiki. Ukikibonyeza kimoja kwa kucha hakibonyei. Hesabu vipande, viunge pamoja juu ya meza uhakikishe hakuna kilichoangukia ndani.

9. Safisha mfereji wa gasketi kwenye kava, na uso wa injini inapokaa. Dawa ya breki inyunyizie kwenye tambara, usinyunyizie ndani ya injini. Endelea mpaka tambara litoke safi. Hapa ndipo ukavu wa kazi yako unapoamuliwa, maana tone dogo tu la oili linatosha kuizuia silikoni isishike. Kagua pia kava yenyewe: ya bati huwa imebonyea kwenye matundu ya boliti kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi, na unaweza kuinyoosha taratibu juu ya ubao tambarare. Ya plastiki iliyopasuka au kupinda ibadilishe.

10. Badilisha sili za matundu ya plagi. Angalia ya zamani ilielekea wapi kabla ya kuing'oa, na uiingize mpya ikiwa imenyooka, kwa kuisukuma na soketi yenye kipenyo kinacholingana.

11. Ipachike gasketi mpya kwenye mfereji wa kava, ikiwa kavu. Ibonyeze kwa kidole mzunguko mzima, kisha ipindue kava uone kama inabaki mahali pake.

12. Silikoni huwekwa mahali pachache tu: kwenye kona ambapo kofia ya beringi ya kamshafti au kava ya taimingi inakutana na kichwa cha injini, na kwenye vile vipande vya mpira vya nusu mwezi kama injini yako inavyo. Tone la milimita 3 au 4 linatosha. Usiipake gasketi nzima. Mpira juu ya silikoni mbichi unateleza na kuchomoka ukikaza, na ile inayobanwa kwa ndani hukatika, ikaelea kwenye oili mpaka kwenye chujio la pampu ndani ya sampu. Chujio likiziba, injini inakosa oili.

13. Ondoa tambara ulilofunikia injini. Shusha kava ikiwa sawa, usiiburute. Zungusha kidole kwenye kingo zote, na kwa nyuma tumia kioo, uhakikishe gasketi haijakunjwa.

14. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu. Boliti ndogo za kava hii kwenye injini nyingi hukazwa kwa nyutonimita 8 hadi 10 tu. Fuata kitabu cha gari lako kama unacho. Huna spana ya toki? Shika raicheti karibu na kichwa chake, siyo kwenye mkia, ukaze kwa vidole viwili na gumba. Boliti zenye bega hukoma zenyewe. Zikikoma, nawe koma.

15. Rudisha mipira, koili na waya kwa kufuata picha na namba. Ipe silikoni muda ulioandikwa kwenye tyubu. Nyingi zinataka hadi saa 24 kukauka kabisa. Najua gari linahitajika. Subiri hata hivyo.

16. Rudisha terminali ya betri, pima oili, washa. Iache ingurume dakika 10 huku ukimulika kingo zote. Endesha kidogo, tazama tena. Tazama mara ya tatu kesho yake.

Ikiwa mambo hayajakaa sawa

*Kuna moshi na harufu ya kuungua baada ya kuwasha.* Oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi inaungua. Moshi unatakiwa upungue kila safari na kuisha. Ukiongezeka, zima, utafute oili mpya inatoka wapi.

*Inavuja kwenye kona moja tu.* Mara nyingi silikoni ya pale haikushika kwa sababu uso ulikuwa na oili. Kukaza zaidi hakusaidii. Fungua, safisha kona hiyo, weka tone jipya. Gasketi yenyewe ikiwa haijakatika unaweza kuirudishia.

*Inavuja mzunguko mzima.* Gasketi si ya injini hiyo, au kava imepinda, au brida imeziba. Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikinguruma: mvumo mdogo ni wa kawaida, lakini ukikutana na moshi unaosukumwa nje kwa nguvu, tatizo ni presha ya ndani. Kama PCV na mipira yake ni mizima, huenda ringi za pistoni zimechoka, na hapo gasketi haina kosa.

*Gari linamisi.* Koili haijaingia mpaka mwisho, waya zimebadilishana, au oili imebaki kwenye tundu la plagi. Rudi kwenye picha.

*Injini inapanda na kushuka, kuna mluzi.* Kuna mpira wa hewa ulioachwa au uliochanika.

*Boliti inazunguka bila kukaza.* Uzi umeliwa. Usibandike silikoni kama gundi. Mafundi hutengeneza uzi mpya kwa kuingiza springi maalumu ndani ya tundu.

*Gasketi ni ya kizibo badala ya mpira.* Hiyo hulala kidogo baada ya joto la kwanza. Injini ikipoa, pitia boliti mara moja kwa toki ileile. Ya mpira usiirudie.

*Je, dawa ya kuzuia uvujaji inayomiminwa kwenye oili?* Hulainisha na kuvimbisha mipira ya sili. Kwa sili iliyoanza kukauka inaweza kupunguza matone kwa muda. Kwa gasketi iliyokatika haifanyi chochote, na siipendekezi kwa uvujaji unaoweza kuufungua kwa soketi ya milimita 10.

Matambara yaliyolowa oili na dawa usiyarundike ndani, yatandaze nje yakauke mbali na moto. Oili chafu iweke kwenye galoni lenye mfuniko uipeleke inakopokelewa, usiimwage ardhini wala mtaroni. Na ile kadibodi ya siku ya kwanza, iweke nyingine mpya chini ya gari usiku wa leo.